Kabla Tangi Halijaanza Kuvuja

Hita mbili za maji zilifungwa ukutani karibu wakati mmoja, moja kwa wazazi wangu na nyingine kwangu. Zote ni za umeme, zote ni za tangi, na zote zimeshapita miaka kumi. Ya wazazi niliamua ing'olewe ilhali bado ilikuwa inapasha maji. Yangu nimeiacha ukutani. Watu wakisikia hivyo hudhani nimependelea moja, kwa sababu wengi tumezoea kuuliza swali moja tu: ina miaka mingapi? Ni swali la maana. Hita za tangi kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12, na chache hufika 15 au zaidi. Lakini umri unakuambia tu kwamba wakati wa kuchunguza umefika. Utakachokikuta ndani ni habari nyingine, na uamuzi unatoka huko.

Aliyenisukuma kuchunguza ni mama. Maji ya moto yalikuwa yanamwishia akiwa bado na sabuni mwilini, na kwa mtu ambaye viungo vinamuuma asubuhi, hilo si jambo dogo. Baba kwa upande wake hakutaka kusikia. "Mwanangu, hita hii haijawahi kunisumbua. Mnataka kutupa kitu kizima." Kulikuwa na sababu ya yeye kukaza hivyo. Fundi mmoja alishafika, akaitazama kutoka chini, akagonga tangi kwa kidole, akasema, "Mzee, hii imekwisha, nunua nyingine." Hakufungua hata mfuniko. Baba hakatai ushahidi, anakataa kuambiwa, na katika hili niko naye kabisa. Mtu anayekushauri utoe pesa nyingi ana wajibu wa kukuonyesha anachokiona.

Nilianza na hesabu, kwa sababu haihitaji hata spana. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 kunahitaji umeme wa uniti 4.7 hivi. Koili, yaani chuma kinachopasha maji ndani ya tangi, ikiwa ya kilowati 2 inazimaliza kwa takriban saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo ukiliacha tangi lipoe kabisa, ukawasha na kuangalia saa hadi taa izime, unapata jibu la kwanza. Ikichukua muda mrefu kupita kiasi, koili ni mbovu, au kama tangi lina koili mbili basi moja imekufa, au umeme unaofika ni dhaifu. Ikizima mapema mno na maji yakaisha haraka, tatizo liko kwenye thamostati, kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, au kwenye kile kilichoizunguka. Kuna na kisa cha tatu: mrija wa ndani unaopeleka maji baridi chini ya tangi umevunjika, maji baridi yanamwagika juu na kuchanganyika na ya moto kabla hayajatoka. Hita ya wazazi ilizima mapema sana. Nikashuku chokaa.

Maji mengi ya bomba na ya kisima yana madini ya kalisi na magnesi yaliyoyeyuka. Maji yakipata joto, sehemu ya madini hayo haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Inaganda kwenye koili na kutuama chini, na kadiri unavyopandisha joto juu ya nyuzi 60 ndivyo inavyoganda kwa kasi. Sauti ile ya kunguruma na kupasuka-pasuka ambayo baba aliizoea hadi akaacha kuisikia inatoka hapo: maji yaliyonaswa chini ya ganda la chokaa yanachemka peke yake na kutoka kwa kupasuka. Na kama koili na mrija wa thamostati vimeshikamana kwa ganda moja, thamostati inapima joto la ganda badala ya joto la maji. Inakata umeme wakati tangi bado ni vuguvugu.

Hapa kuna jambo linalosemwa sana na si sahihi, kwamba chokaa inaifanya hita ya umeme ile umeme mwingi. Koili imezama ndani ya maji. Joto lake lote, hata likichelewa, linaishia kwenye maji hayohayo. Chokaa inaiua koili mapema, kwa sababu inabaki na joto kali lisilopata pa kwenda hadi ngozi yake ya nje inapasuka. Kwenye hita ya gesi hali ni tofauti: moto uko chini ya tangi, chokaa inalala kati ya moto na maji, na joto linapotea na moshi. Huko gesi inaliwa kweli. Kwenye umeme, uniti zinaondoka kwa njia mbili: maji ya moto unayoyatumia, na joto linalotoka kwenye ukuta wa tangi usiku na mchana. Tangi la lita 100 linaweza kupoteza uniti moja hadi mbili kwa siku hata kama hakuna aliyefungua bomba.

Siku ya kuifungua nilimwita fundi mwingine, mtu mtulivu ambaye kabla ya kugusa chochote alizima swichi ya hita, akazima swichi kuu, kisha akajaribu nyaya kwa tesita. Nataja hili kwa makusudi. Maji na umeme viko mahali pamoja, na kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye waya usio sahihi, ukizima taa inazima lakini koili bado ina umeme. Tukafunga koki ya maji baridi, tukafungua bomba la maji ya moto ili hewa iingie, tukaunganisha mpira na kulimwaga tangi. Maji ya kwanza yalikuwa safi. Ya katikati yalikuwa na rangi ya chai. Ya mwisho yalitoka kwa kukwama, na fundi ikabidi aingize waya kusafisha njia.

Alipolegeza boliti za mfuniko wa chini, chokaa ilimwagika kwenye ndoo, vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya mayai, vingi kuliko nilivyotarajia. Koili ilikuwa imevimba kwa ganda hadi haikuonekana kuwa ya chuma. Baba alisimama mlangoni akitazama, na nadhani ndipo alipoanza kukubali kwamba kuna la kuzungumza. Lakini chokaa haikuwa sababu ya kung'oa. Chokaa husafishwa. Koili hununuliwa, thamostati hununuliwa, gasketi, ile pete ya mpira inayoziba mfuniko, hununuliwa. Hivyo vyote ni vipuri. Kitu pekee kwenye hita ambacho hakina kipuri ni tangi lenyewe, na macho yangu yalikuwa yanatafuta hali ya tangi.

Tangi la hita nyingi ni chuma kilichopakwa ndani utando wa enameli, aina ya kioo kinachounguzwa hadi kishikane na chuma. Utando huo hauwi mkamilifu. Kwenye kona, kwenye maungio na kwenye matundu ya bomba huwa na nyufa ndogo, na maji yanakigusa chuma. Ndiyo maana watengenezaji huingiza fimbo ya anodi, ya magnesi au ya alumini. Magnesi huliwa na maji kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo inakubali kuliwa kwanza, na maadamu ipo, chuma kinakaa salama. Ikiisha, zamu inakuwa ya chuma. Watu wengi wanaishi na hita hadi inatoboka bila kujua kwamba ndani kulikuwa na fimbo ya kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kwamba fimbo hiyo ni nafuu kuliko karibu kila kitu kingine kwenye hita. Hili linaniuma kweli. Matangi mazima mangapi yametupwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia mwenye nyumba?

Fundi alichomoa anodi ya wazazi wangu kwa vidole. Haikuhitaji nguvu kwa sababu hapakuwa na fimbo. Kilichotoka ni waya mwembamba wa katikati, umepinda, una magamba meupe hapa na pale, na mwisho wake umekatika. Fimbo ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa nene kama kidole gumba ilikuwa imeliwa yote, na hakuna aliyeweza kusema ni tangu lini. Nikachukua tochi na kioo kidogo nikatazama ndani ya tundu. Enameli kuzunguka mdomo ilikuwa imebanduka kwa mabaka, na chini ya mabaka hayo kutu ilikuwa imevimba kwa malengelenge. Nililigusa moja kwa ncha ya bisibisi, likavunjika, na chini yake chuma kilikuwa na shimo dogo jeusi. Halikuwa limetoboka hadi nje. Lakini kukiwa na shimo moja mahali ninapoweza kufika, sikuwa na sababu ya kuamini kwamba pale nisipofika pako salama.

Nilimwomba baba aje atazame mwenyewe. Alitazama kwa muda, akarudisha tochi, akauliza, "Tukiweka hiyo fimbo mpya, je?" Swali zuri, na jibu lake ndilo lililoamua. Anodi mpya inapunguza kasi ya kutu. Chuma kilichokwishaliwa hakirudi. Kuweka anodi, koili, thamostati na gasketi kwenye tangi lenye mashimo ni kununua karibu hita nzima na kuifunga kwenye tangi bovu.

Kwangu nilifanya uchunguzi huohuo baadaye, na majibu yakawa mengine. Anodi ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu lakini waya wa katikati ulionekana mahali pachache tu. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba waya ukiwa wazi kwa sentimita 15 au zaidi, fimbo ibadilishwe. Yangu haikufika huko, lakini niliibadilisha kwa kuwa nilishafungua. Enameli ilikuwa nyeupe na nzima. Koili ilikuwa imeanza kuvujisha umeme na kukatisha swichi ya usalama kila maji yalipopata moto, jambo ambalo mtu mwingine angelichukua kuwa dalili kwamba hita imekufa. Ilikuwa dalili ya koili tu. Ngozi yake ilipata ufa, unyevu ukaingia, umeme ukapata njia ya kwenda ardhini. Koili mpya, gasketi mpya, na hita inaendelea.

Jambo jingine lililoziweka hita hizi kwenye mizani tofauti ni mahali zilipo. Yangu iko kwenye chumba cha kufulia, sakafu ya chini, na sakafu ina tundu la kutolea maji. Ikitoboka nitapata usumbufu. Ya wazazi ilikuwa ghorofani, juu ya chumba chenye dari ya mbao na nyaya za taa. Tangi likitoboka halimwagi lita 100 kisha likanyamaza. Maji ya bomba yanaendelea kuingia na kutoka hadi mtu afunge koki, na wazazi wangu husafiri. Ninaamini mtu anayefikiria kubadilisha hita aanze kwa kuinamisha macho na kuuliza nini kiko chini yake. Tangi lilelile linaweza kusubiriwa mahali pamoja na lisisubiriwe mahali pengine.

Sasa nije kwenye jambo lililonitisha kuliko kutu. Pembeni ya bomba la maji baridi kulikuwa na valvu ya usalama, na mdomo wa kijibomba chake ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha plastiki na kufungwa kwa tepu. Mama akakumbuka kwamba zamani ilikuwa inadondosha maji sakafuni, na mtu aliyekuja kutengeneza kitu kingine akaiziba ili isiwasumbue. Aliwafanyia hisani, alidhani.

Ile valvu ilikuwa inafanya kazi yake. Maji yakipashwa hutanuka: lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kwa lita moja na nusu hivi. Kama hakuna tangi dogo la kupokea mtanuko, ongezeko hilo lazima litoke, na hutoka kwa matone kwenye valvu wakati wa kupasha. Matone hayo ni ya kawaida. Valvu ikidondosha mchana kutwa hata hita ikiwa imezimwa, basi ama imechakaa ama mgandamizo wa maji ya nyumba ni mkubwa mno na unahitaji valvu ya kupunguza. Vyote viwili vina dawa. Kuziba si dawa. Thamostati ikigoma kukata umeme, na kikatio cha pili cha joto nacho kikashindwa, maji kwenye tangi lililofungwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu mgandamizo unayazuia. Siku chuma kinapoachia, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na kila lita inayogeuka hutoa mvuke zaidi ya lita 1,600. Nyumba zimebomolewa kwa njia hiyo. Wazazi wangu walikuwa wanalala ukuta wa pili. Kama kuna jambo moja nataka ulifanye leo kwenye hita yako, nenda ukatazame mdomo wa valvu hiyo. Uwe wazi, uelekee chini, na usiishie mahali ambapo maji ya moto yanaweza kummwagikia mtu.

Tulipokubaliana kununua mpya, tuliuliza upya kila kitu badala ya kurudisha saizi ileile. Nyumba ilikuwa ya watu wengi, sasa imebaki ya wawili. Maji ya nyuzi 60 yakichanganywa nusu kwa nusu na ya nyuzi 20 yanatoa ya nyuzi 40, kiasi kizuri cha kuogea. Kwa hiyo lita 50 za tangi zinakaribia kutoa lita 100 za kuoga. Bomba la kuogea linalotoa lita 8 kwa dakika, ukioga dakika sita, linatumia lita 48. Watu wawili wanatosheka, na tangi dogo linapoteza joto kidogo na ni jepesi ukutani. Lile la zamani likijaa lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 kwenye misumari miwili.

Hita ya kupasha papo kwa papo tuliifikiria, kisha hesabu ikaikataa. Kupandisha lita 6 kwa dakika kwa nyuzi 20 tu kunahitaji zaidi ya kilowati 8, na nyaya za nyumba ile haziwezi kubeba mzigo huo bila kubadilishwa. Hita inayovuta joto kutoka hewani hutumia umeme kidogo sana, huweza kukupa joto mara mbili au tatu ya umeme unaoulipia, ila inahitaji nafasi na hewa, na ina mlio. Mwenye nafasi aifikirie kwa dhati. Sola ilihitaji paa ambalo tungelazimika kuliimarisha kwanza.

Wakati wa kufunga nilisisitiza mambo ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. Koki pande zote mbili, ili siku ya kutengeneza nyumba nzima isikatiwe maji. Kiungo cha kutenganisha kati ya bomba la shaba na mdomo wa chuma, kwa kuwa metali hizo mbili zikigusana majini, chuma ndicho kinacholiwa. Waya wa ethi uliopimwa kweli. Trei chini ya tangi yenye bomba la kutoa maji nje. Na nafasi ya kutosha ya kuchomoa anodi bila kulishusha tangi, maana hita nyingi hufungwa zimebanwa hivi kwamba hakuna atakayeifikia fimbo maisha yake yote. Tukaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni.

Fundi alitaka kuweka thamostati juu kabisa, "ili maji yasiishe." Baba alitaka iwekwe chini, kubana matumizi. Niliwaomba iwe 60. Kati ya nyuzi 20 na 45 ndipo bakteria wa lejionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, wanapozaliana, na nyuzi 60 zinawaua. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mzee ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo mbele ya bafu tuliweka valvu ya kuchanganya inayotoa maji ya nyuzi 40 na kitu. Nilimwambia baba kwamba kama pesa zingepungua ningeacha vitu vingine vyote kabla ya kuiacha hiyo.

Tangi la zamani lilipogeuzwa uani tulifungua ganda la nje. Povu la kuhifadhi joto upande wa ukutani lilikuwa limelowa, la kahawia, zito, na ukilibana linatoa maji. Lilikuwa limeshaanza kuvuja kwenye ungio la nyuma, polepole, na povu lilikuwa linayanywa maji hayo kabla hayajafika sakafuni. Kutoka nje hita ilionekana kavu.

Ndiyo maana yangu sasa naikagua hata kama haidai chochote. Napitisha mkono chini ya ukingo wa ganda nikitafuta unyevu, nazungushia karatasi ya chooni kwenye kila ungio na kuiacha usiku ili ionyeshe linalotoa maji, na mara moja moja najaza ndoo nyeupe kwa maji ya moto na nyingine kwa maji baridi nikazilinganisha. Zote zikiwa na kutu, kosa liko kwenye mabomba. Ya moto ikiwa na kutu peke yake, nitafungua mfuniko tena. Nikikuta enameli imebanduka, nitaing'oa wiki hiyohiyo, hata kama maji yake yatakuwa bado yanachoma.